Komeo la Meneja

Meneja alikuwa kobe, na jina hilo alilipata kwa haki. Aliamka watu wakiwa wameshamaliza chai, alitembea kana kwamba wote humu ndani ni waajiriwa wake, na ukimsemesha jambo zito aliingiza kichwa ndani akakuacha unaongea na gamba. Mwenyewe ni Fundi, mkwe wa Bibi, ambaye siku ya kuhamia na mke wake alikuja na sanduku la vifaa, suti moja ya harusi, na Meneja ndani ya karai.

Bibi naye alipokuja kuishi nao alikuja na paka wawili: Godoro, mnene, alalaye popote na juu ya chochote, na Sindano, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayesoma barua isiyo yake. Kila baada ya chakula cha mchana Bibi aliketi kwenye kiti chake cha mbao sebuleni, Godoro akapanda goti la kulia, Sindano la kushoto. Magoti ya Bibi yalikuwa yakimuuma kwa baridi ya uzee, na alishasema mara nyingi kwamba hajapata dawa ya kuchua inayowashinda wale paka, tena dawa haina masikio ya kukunwa.

Mambo yaliharibika Fundi alipomjengea Meneja nyumba. Ilikuwa kasha pana la mbao kwenye kona ya sebule, lina udongo laini, bakuli la maji na jiwe bapa, na juu ya jiwe taa ya joto inaning'inia, kwa maana kobe asipopata joto chakula kinamlalia tumboni. Paka waliutazama ujenzi ule siku mbili bila neno. Siku ya tatu wakahamia. Godoro akajitandaza juu ya jiwe, chini ya taa, kama mgeni wa hoteli. Sindano aliuona udongo ule akajua kazi yake bila kufundishwa: akachimba, akachutama, akafukia. Meneja alikutwa kwenye kona yenye baridi, kichwa ndani, mchicha wake haujaguswa. Na magoti ya Bibi nayo yakabaki matupu.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na mwenendo wake. Kwa miaka sita Fundi hakuwahi kumjibu mama mkwe wake uso kwa uso, wala Bibi hakuwahi kumkaripia mkwe wake. Si kwamba hapakuwa na la kukwaruzania. Ila kila mmoja alikuwa na wa kupitishia maneno. Fundi alisema na kobe. Bibi alisema na paka.

"Meneja, pole sana," alisema Fundi jioni ile, ameinamia kasha. "Nyumba yako imegeuzwa choo, na wenye paka wanakunywa chai."

Bibi akashusha kikombe. "Godoro mwanangu, umesikia? Mtu anajenga nyumba haina paa, halafu anashangaa wageni."

Binti yake Bibi, aliyekuwa katikati yao akipiga pasi, hakuinua macho. "Nyote watano mnaniumiza kichwa."

Bibi hakutaka kobe wa watu adhurike, akajaribu ya kwake. Alipanga maganda ya machungwa kuzunguka kasha, kwa kuwa paka hapendi harufu ile. Sindano alinusa, akapiga chafya, akaruka juu ya maganda. Akashona kipande cha pazia la wavu, akakitandaza juu ya kasha na kukikaza kwa misumari midogo. Alipotoka jikoni alikuta paka wote wawili wamelala juu ya wavu, umebonyea chini kama bembea, matumbo yao yamening'inia shubiri moja tu juu ya Meneja, naye ametoa shingo yote anawatazama kama mtu anayetazama mawingu ya mvua.

"Meneja," alisema Fundi, "kazi ya kufunga waachiwe wanaofunga."

Hapo alikuwa na haki ya kutamba. Fundi alikuwa fundi wa makufuli, na duka lake lilikuwa pale barabarani, mlango wa tatu kutoka kwa muuza viatu. Mtaa mzima uliingia na kutoka kwa funguo zake. Basi Jumatatu akaleta kifuniko cha waya mgumu chenye bawaba, na komeo la shaba alilolitengeneza kwa mkono wake. Chini ya kifuniko aliweka springi. Ukitaka kufungua unakibonyeza kifuniko kidogo, unavuta ulimi wa komeo, unaachia, kifuniko kinaruka chenyewe. Alilifungua na kulifunga mara tisa mbele ya mkewe, na mara ya tisa alikuwa bado anatabasamu.

Jumanne mchana, Godoro yuko juu ya jiwe. Jumatano pia.

Jioni ya Jumatano Fundi alilikagua komeo pande zote. "Meneja," alisema, "komeo langu halifunguki lenyewe. Kuna mtu anakulisha mchana halafu hafungi. Simsemi, ni mtu mzima. Ila Mama Mashine, yule mwenye mashine ya kusaga unga, panya wanamtobolea magunia. Nimemwambia Jumamosi aje na kikapu. Paka huko watakula washibe."

Anayemlisha Meneja mchana ni Bibi. Alihisi maneno yale yakimwingia magotini kwanza. Aliwatazama wale paka, akajiona Jumapili ameketi na mto wa kochi mapajani, akijidanganya.

"Sindano," alisema taratibu, "nimelea watoto saba na sijasahau mlango wa banda la kuku hata siku moja."

Alhamisi akamlisha Meneja, akafunga, akalitikisa komeo mara tatu. Kisha akaketi na ungo wa maharage, akachambua. Paka wamelala sakafuni, kila mmoja kama hana habari na dunia. Bibi akachambua maharage yote. Akayamwaga, akayachambua upya. Paka ana subira, lakini hajawahi kumngoja mtoto wa kwanza wala foleni ya maji. Mwishowe Bibi akalaza kichwa, akafumba jicho moja na nusu, akakoroma mkoromo wa bandia.

Godoro akaamka. Akapanda juu ya kifuniko, akajilaza na unene wake wote. Kifuniko kikabonyea. Sindano akaja upande wa mbele, akaingiza ukucha mmoja kwenye ulimi wa komeo, akavuta kwa upole kama fundi cherehani anayetoa uzi. Kisha akamtazama Godoro. Godoro akashuka. Springi ikafanya kazi yake, kifuniko kikaruka kikasimama wima. Wakaingia.

Bibi aliziba mdomo kwa upande wa kanga, ungo ukitikisika mapajani.

Kicheko kilipokwisha akawatoa, akafunga, akakaa kufikiri. Akilitangaza jambo lile, Fundi ataaibika. Na mwanamume aliyeaibishwa na paka hatawapeleka kwa mwenye mashine tu, atawapeleka asikokujua mtu. Akinyamaza, Jumamosi ni keshokutwa.

Jioni Fundi akaketi kusafisha funguo. Bibi akampakata Godoro.

"Godoro mwanangu, leo nimeona jambo, wala simwambii mtu. Namfikiria yule muuza viatu na mdomo wake. Akijua kwamba komeo la fundi mkubwa linafunguliwa na paka, tena mchana kweupe, watu si watalala na viti nyuma ya milango? Bora tunyamaze."

Mkono wa Fundi ulisimama. "Meneja," alisema bila kugeuka, "anayesema hivyo aonyeshe."

Ijumaa Fundi akafunga duka saa sita, akaja. Akaketi kwenye kochi, Bibi kwenye kiti chake, wakalaza vichwa. Fundi hakujua kukoroma kwa uongo. Alitoa sauti ya tairi la baiskeli linalovuja, mpaka Bibi akamkanyaga mguu. Paka wakangoja kidogo, wakaamka. Godoro juu. Ukucha. Godoro chini. Kifuniko, pa.

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaenda kupiga magoti mbele ya komeo lake, akalichungulia. Mganga hajigangi, Bibi alijisemea, lakini hakulitoa.

"Ni ile springi," Fundi akamnong'oneza Meneja. "Niliiweka kwa ajili ya mbwembwe."

"Godoro," alisema Bibi, "mimi na wewe hatuna tamaa. Mdomo wangu nao una komeo. Ila unafungwa kwa taa. Taa kama ile ya Meneja, itundikwe juu ya kiti changu, paka wapate joto lao wasimsumbue mwenzao. Na Mama Mashine arudi na kikapu chake kitupu."

Kobe akatoa kichwa, kana kwamba naye anangoja jibu.

"Meneja," alisema Fundi, "mwambie taa itakuwepo leo leo."

Ikawa. Jumamosi asubuhi Mama Mashine alibisha hodi na kikapu chenye kifuniko. Fundi akasimama mlangoni, akijaza nafasi yote ili Godoro, aliyelala chini ya taa mpya, asionekane.

"Wako wapi hao paka? Magunia yananiisha."

"Mama, nisamehe. Mmoja ana mgongo."

"Paka ana mgongo?"

"Ni mnene. Na wa pili nimemwajiri."

Bibi, kule ndani, alisikia neno la mwisho akageuza shingo. Godoro alikuwa goti la kulia. Goti la kushoto halikuwa na mtu.

Alimaliza chai yake kwanza, kisha akavaa ndala, akashika barabara polepole mpaka dukani, ambako Fundi alikuwa amemtangulia. Sindano alikuwa juu ya meza ya kazi. Ameketi kwenye ncha ya ubao uliopigiliwa makomeo matano, na nyuma ya kila moja kipande cha samaki. Matatu yalikuwa wazi. La nne lilikuwa likimshinda, na Fundi alikuwa amemwinamia, kidevu karibu na ubao, akiandika kwa penseli. Muuza viatu amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Hili la nne ndilo nitakalomwekea Meneja," Fundi alikuwa akimwambia. "Yaliyomshinda huyu ndiyo nitakayouza. Mwizi gani ana kucha kama hizi?"

Kisha akamwona Bibi. Kobe yuko nyumbani. Akatafuta wa kupitishia maneno, akakosa.

"Mama," alisema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi, "namwazima tu."

Bibi naye alitafuta. Godoro hakuwepo. Akavuta kigoda akaketi.

"Saa saba awe gotini," alisema. "Na hilo la tano, mkwe wangu, usilihangaikie. Ameshalifungua, amelikalia tu."