Mpigaji wa Izia

Hilaria alikuwa fundi wa kushindilia gobore, na ufundi huo ulikuwa umeanza kumchosha.

Ukiuliza pale Izia nani bingwa wa mashindano ya magobore, ulionyeshwa mdogo wake, Wiliam. Walimwita Mpigaji. Hata akienda sokoni kununua dagaa, aliitwa Mpigaji na kuongezewa kidogo juu. Hilaria aliitwa dada yake Mpigaji, na hakuongezewa kitu. Sasa gobore lenyewe lilikuwa la Hilaria. Marehemu baba yao alimwachia yeye, na kibali kilikuwa na jina lake, maana siku ya kwenda kuandikisha, Wiliam alikuwa kwa kinyozi. Baruti alipima yeye. Risasi alimimina yeye. Mtutu ulisafishwa naye mpaka ukang'aa ndani. Wiliam kazi yake ilikuwa kufumba jicho moja, kuvuta kidole, kisha kupokea makofi.

Mashindano yalikuwa ya jozi: mmoja anashindilia, mwenzake anapiga vibuyu kwa shabaha. Na ilikuwa lazima mpigaji avae. Kofia ya pama, mkanda mpana wenye kifungo cha shaba, fulana ya ngozi, buti. Nani alileta utaratibu huo, hakuna aliyekumbuka. Wengine waliwasingizia wafugaji, wengine sinema za kwenye vibanda vya video. Wiliam alikuwa na pama mbili, moja ya kushindania na moja ya kanisani. Mshindiliaji alivaa chochote, kwa sababu hakuna aliyemtazama.

Wiki ya mashindano, Hilaria alikuwa uani akitia baruti kwenye vijibomba vya mwanzi. Kila kijibomba kilibeba kipimo cha risasi moja, akakiziba kwa kipande cha gunzi. Huo ulikuwa ubunifu wake mwenyewe. Wengine walimwaga baruti kwa kukisia, halafu wakashangaa risasi imekwenda wapi.

"Wiliam," alisema, "mwaka huu niachie kibuyu kimoja. Kimoja tu, nipige mimi."

Wiliam, aliyekuwa akipaka buti zake rangi, alicheka.

"Dada, kupiga ni kipaji. Wewe una mikono ya jikoni. Tusiharibu jina."

Kauli hiyo ilimwingia Hilaria ikakaa. Aliziba kijibomba kingine, maana alikuwa na baruti mapajani, na si vizuri kugombana ukiwa na baruti mapajani. Lakini tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka walau mara moja watu waseme Hilaria amepiga.

Mashindano yalifanyika nje kidogo ya Chala, kwenye uwanda wazi wenye upepo wa kupeperusha kofia za watu wazima. Vibuyu vilipangwa mbele ya kichuguu kikubwa ili risasi zisiende kuua ng'ombe wa mtu. Mwamuzi alikuwa Ebenezer, bwana kilimo mwenye asili ya Mbeya, mtu wa kanuni, simu mkononi kuhesabu dakika na kipaza sauti mdomoni. Kila jozi ilipewa vibuyu vitatu na dakika kumi.

Fainali ilibaki na jozi mbili. Walioshindania wenyeji, Chala, walikuwa Sadoki, muuza mitumba, na mke wake Suma. Hao nao walitoka Mbeya, lakini walikuwa wameishi na sisi Wafipa wa huku miaka ya kutosha kuwajua vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Sadoki alivunja viwili. Cha tatu alikikosa, akatukana kwa lugha yao, Suma akamkanyaga mguu.

"Izia!" Ebenezer aliita. "Dakika zenu zimeanza!"

Hilaria alimimina baruti, akaweka risasi iliyoviringwa kitambaa cha mafuta, akaisukuma kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka ikakaa chini kabisa, akapachika fataki. Wiliam alipokea, akarekebisha pama, akapiga. Kibuyu cha kwanza kilipasuka. Moshi mweupe uliwafunika wote wawili, ukasombwa na upepo. Watu walipiga kelele. Wiliam aliinua pama, akawapungia, huku dada yake akipitisha kitambaa kibichi ndani ya mtutu kuzima cheche na kutoa masizi.

Gobore lilikuwa limejaa tena, na Wiliam alikuwa anainua kitako begani, sauti iliposikika nyuma yao.

"Mkwe! Ni wewe huyo?"

Mzee Valerian, baba yake Justa, mke wa Wiliam, alikuwa akikalishwa kwenye kiti hatua chache nyuma ya mstari wa kupigia. Mzee huyu hakuwahi kuhudhuria mashindano. Masikio yake yalikuwa yameshastaafu, na alisema bunduki ni kelele za watu wasio na shamba. Hilaria alitazama upande wa wenyeji. Suma alikuwa akikagua anga kwa makini sana. Kumbe bodaboda iliyomleta mzee ilikuwa imetumwa na Sadoki, na kiti kilikuwa kimewekwa pale kwa kazi maalumu.

Maana Mfipa hamsalimu mkwe wake kwa kumpungia mkono. Anaweka chini alichoshika, anachuchumaa, anapiga makofi ya taratibu, anaulizwa habari moja baada ya nyingine, na hainuki mpaka mwenyewe mzee amemaliza. Umati wote ulilijua hilo. Ebenezer alilijua pia, ila simu yake haikulijua, na dakika ziliendelea.

Wiliam alimrudishia Hilaria gobore kama mtu anayerudisha mtoto kwa mama yake. Alivua pama, akachuchumaa, akaanza kupiga makofi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe. Justa hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Na wajukuu? Yule wa kifua amepona?"

Hilaria alisimama na gobore lililojaa mikononi. Kwanza alisubiri, kwa heshima. Kisha aliona mzee ameingia kwenye habari za mahindi, na mahindi ya mwaka ule yalikuwa na mambo mengi. Mbele yake vibuyu viwili vilikuwa vimekaa kimya. Aliogopa, tena aliogopa sana, lakini ndani ya woga ule kulikuwa na furaha fulani ya wizi.

Yeye naye hakuweza kubaki wima mbele ya mkwe wa nyumbani kwao. Alipiga magoti, akasema, "Shikamoo baba," mzee akaitikia. Akiwa bado chini aligeukia vibuyu, akainua goti moja na kuegemeza kiwiko juu yake. Macho ya umati yalikuwa kwenye vibuyu na simu ya Ebenezer; mshindiliaji, kama kawaida, hakuna aliyemtazama. Gobore lilitulia kuliko lilivyowahi kutulia kwa Wiliam. Alivuta.

Bega lilipigwa teke. Moshi ulimjaa machoni na mdomoni, na humo ndani ya moshi alisikia kibuyu kinapasuka.

"Na ng'ombe je?" aliuliza Mzee Valerian.

"Yule mwekundu amezaa, baba," alijibu Wiliam, makofi yakiendelea.

Sasa upepo nao ukaamua kupumzika. Moshi ulikaa palepale, mzito, ukaficha mstari mzima. Hilaria hakuhitaji macho kushindilia. Kitambaa kibichi, kijibomba, risasi, mdeki, fataki. Vidole vyake vilijua njia. Alisubiri mwanya kidogo, akaona doa la njano mbele ya kichuguu, akavuta tena. Kibuyu cha tatu kilipasuka kwa mlio ambao angeutambua hata uzeeni.

Upepo uliporudi na kufagia moshi, mzee alikuwa amemaliza habari zake na Wiliam alikuwa amesimama. Hilaria alikuwa amempa gobore ashike, yeye akajifuta machozi ya moshi. Basi watu waliona walichozoea kuona: Wiliam, gobore, vibuyu chini.

"Mpigaji! Mpigaji!"

Walimbeba juu juu. Wiliam alimtazama dada yake mara moja, akafungua mdomo, kisha mtu akampachika pama kichwani na mdomo ukageuka tabasamu. Akawapungia. Sadoki alijua vizuri nani hakupiga, lakini kulisema kungemlazimu aeleze nani alilipa bodaboda, kwa hiyo alipata kazi ya kufunga kamba za viatu.

Hilaria aliumia. Aliumia kuliko siku ile ya mikono ya jikoni, kwa sababu siku ile alikuwa bado hajapiga. Alianza kukusanya vijibomba vyake ili asionekane usoni.

"Wanapiga kelele za nini?" Mzee Valerian alimuuliza aliyekuwa karibu.

"Mkwe wako, mzee!" yule mtu alimpazia sauti sikioni. "Amevunja viwili vya mwisho!"

"Lini?"

"Sasa hivi tu!"

Mzee aliinuka kitini polepole.

"Sasa hivi alikuwa ananisalimia mimi," alisema, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, yaani ya kufika mbali. "Kama alikuwa anafyatua bunduki huku namuuliza habari za wajukuu, hilo ni neno zito. Aniambie hapa hapa. Nitaondoka na binti yangu leo hii."

Kelele zilikatika. Wiliam, aliyekuwa bado juu ya mabega ya watu, aligeuka rangi. Alitazama umati wake, akamtazama mkwe wake. Ungemwonea huruma, kama usingekuwa dada yake.

"Nishusheni," alisema.

Aliposhuka alivua pama na kuchuchumaa upya.

"Baba, mikono yangu ilikuwa mbele ya macho yako muda wote. Sikupiga mimi. Amepiga Hilaria. Vyote viwili."

Minong'ono ilipita uwanjani, kisha wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, wakimtafuta mtu ambaye miaka yote hawakuwa na sababu ya kumtazama. Walimwona amepiga magoti kati ya vijibomba vyake, uso mweusi kwa masizi. Ebenezer alikuna kichwa.

"Kanuni inasema jozi ivunje vibuyu," alitangaza hatimaye. "Haisemi kidole cha nani. Izia wameshinda." Akasogeza kipaza sauti mbali na kumwinamia Hilaria. "Dada, nataka nitangaze majina. Mpigaji ni nani?"

"Hilaria," alisema, na jina lake mwenyewe lilimtoka kwa shida.

"Mshindiliaji?"

Alimtazama mdogo wake.

"Mwaka huu, mimi pia. Wa mwakani tangaza Wiliam."

Wiliam aliinua kichwa ili apinge, akamwona mkwe wake bado amesimama, akainama kuokota mdeki.