Bastola ya Kwanza ya Bambo Mphande

Kitu cha kwanza Ambroise alichokiona kilikuwa kitambaa. Mwenye duka alikitandaza juu ya kaunta, kitambaa cha kijani kilichokatwa kwa mkasi butu na kuachwa bila kupindwa, nyuzi zikining'inia pande zote nne. Fundi mwenye haya angekificha. Kisha juu yake zikawekwa bastola mbili, moja nyeusi na nzito, nyingine ndogo yenye mtutu mwembamba, na Ambroise akaendelea kuzitazama zile nyuzi kwa sababu hakutaka kutazama kitu kingine.

"Haya, fundi," alisema Bambo Mphande, akijifuta viganja kwenye suruali. "Tuchukue ipi?"

Bambo Mphande, yaani Bwana Mphande, alikuwa mstaafu wa benki, mkazi wa mtaa wa Area 25, mzee wa kanisa, na mtu mwema kupita kiasi. Wema wake ulikuwa na kasoro moja tu, hakujua kuchagua. Kwa miaka thelathini mkewe ndiye aliyemchagulia mashati, viatu, hata saa ya kulala. Mke alipofariki, mzee alisimama mbele ya kabati siku tatu hajui avae nini mazikoni. Ndipo alipomgundua Ambroise, mkimbizi kutoka Uvira aliyekuwa amepanga baraza la kushonea pale mtaani Mchesi, akamfanya kuwa macho yake. Walinunua pamoja mapazia, miwani, na sahani ambazo mpaka leo hazijawahi kuliwa chakula. Waliongea Kiswahili, kwani mzee alifanya kazi Mbeya ujanani na lugha haikumtoka. Sasa, mwaka huu wa 2002, daktari alikuwa amemwambia atafute jambo la kumtoa nyumbani, na wenzake wa zamani wa benki wakamwingiza kwenye klabu ya kulenga shabaha. Kila Jumamosi ni kutoboa karatasi kwa risasi, kisha soda, kisha nyumbani. Kibali cha polisi alikuwa nacho. Kilichobaki ni kuchagua, na kuchagua ilikuwa kazi ya fundi.

"Bambo, mi niko fundi wa manguo," alisema Ambroise. "Hii vitu sijue."

"Nani anavijua? Ndiyo maana tunasaidiana. Na wewe ndiye utakayenishonea mfuko wake."

Mwenye duka alieleza kwa subira ya mtu aliyeeleza mara nyingi. Anayeanza, alisema, aanze na ndogo. Risasi zake ni rahisi kupatikana, haimrushi mtu mkono, na asiyeogopa bastola yake hujifunza upesi. Ila wanaume wengi hununua kubwa, wakairudisha baada ya mwezi. Bambo Mphande alikwisha kuinyanyua ile kubwa. Aliikunjia uso, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akapendezwa. Kidole chake hakikufika vizuri pale pa kufyatulia, na mkono ulianza kushuka kwa uzito.

Ambroise alikimbilia katika ufundi wake. Alivua futi ya kupimia shingoni, akampima mzee kiganja, kutoka kifundo hadi ncha ya kidole, akapima na vishikio vya bastola bila kuvigusa.

"Hii kubwa, kwa mukono yako, iko sawa na koti ya kuazima," alisema. "Kamata ile kidogo."

Mzee akacheka, mwenye duka akaafiki, fomu zikaanza kujazwa. Ambroise alitoka nje. Haikuwa mara yake ya kwanza kuyasema maneno yale.

Mwishoni mwa mwaka 1998 watu wenye silaha walimchukua nyumbani kwake Uvira, cherehani akiibeba mwenyewe kichwani, wakampandisha hadi milima ya Fizi. Kwa miezi minane aliwatia viraka sare zao na kuwashonea mifuko ya bastola kwa turubai la mahema. Siku moja kamanda aliweka bastola mbili juu ya kola aliyokuwa akiishona. Wewe fundi, alimwambia, unajua kinachomkaa mtu, nichagulie. Ambroise akachagua ndogo. Alidhani, Mungu amsamehe, kwamba ndogo ingeumiza kidogo. Kamanda alitaka kuijaribu papo hapo, na aliyekuwa karibu alikuwa Gakiza, mpagazi kutoka Burundi ambaye mguu wake ulivimba hata akashindwa kubeba mzigo. Kubwa ingemmaliza mara moja. Ile ndogo ilimchukua kutoka asubuhi mpaka jua likawa utosini, na muda wote huo Ambroise aliamriwa amalizie kola.

Alipotoroka na kufika Dzaleka, kambi ya wakimbizi, hayo hakumsimulia mtu isipokuwa mkewe Béatrice. Kambini mgeni hufundishwa jambo moja kabla hajajua hata kusonga nsima, ugali wa huko: dossier haipende bunduki. Anayesema aliishi na wenye silaha, hata kama aliishi nao amefungwa kamba, ataulizwa mpaka aote mvi, na faili lake, hiyo dossier, litalala. Basi alipohojiwa na ofisi ya wakimbizi mwaka 2000, Ambroise alisema alitoka Uvira akavuka ziwa moja kwa moja hadi Kigoma. Ile miezi minane aliikunjia ndani kama upindo. Faili likavuka hatua ya kwanza, likavuka ya pili, na sasa yalibaki mahojiano ya mwisho, na baada ya hapo kuhamishiwa ng'ambo, nchi ya baridi, yeye na Béatrice na watoto wao wawili, Arlène na Cadeau. Béatrice aliamini tangu siku ya kwanza. Alimfanya mumewe awashonee watoto makoti ya sufu kutokana na blanketi moja la bluu, yenye upindo mpana, na mara mbili tayari upindo ule ulikuwa umefunguliwa kwa sababu watoto walikua na faili halikuja.

Bambo Mphande alipoleta ombi la mfuko, Ambroise alikata turubai bila kupima. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Fundi aliyeshona kitu mara arobaini hakipimi tena, mikono huenda yenyewe, na ya kwake ilikwenda huku yeye akisikiliza redio ya jirani, wakubwa wa Kongo wakijadiliana amani Afrika Kusini. Alipozinduka alikwisha kutia ubavuni kijimfuko cha risasi za akiba, kimelazwa mshazari ili kidole gumba kikifungue, na chini yake kitanzi cha kupitishia kamba. Hakuna aliyemwagiza. Angeweza kufumua. Lakini kazi ilikuwa nzuri, mishono imenyooka, na Ambroise alikuwa na ugonjwa wa mafundi wote, wa kuionea huruma kazi nzuri kuliko wanavyojionea wenyewe.

Baada ya siku nne mzee alirudi, mfuko mkononi, akaketi kwenye kigoda chake cha kila siku. Alikuja na karanga, kama kawaida yake.

"Mwenye duka ameusifu sana," alisema. "Kasema mfuko wa namna hii hushonwa jeshini, duka zima hana wa kufanana nao. Nikajiuliza, fundi wangu huyu alijifunzia wapi?"

Ambroise alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Angeweza kusema uongo, na uongo alikuwa nao wa kutosha. Ila katika miaka mitatu hakuna mtu aliyemuuliza habari zake bila kalamu mkononi, na huyu alikuwa ameshika karanga.

Akamsimulia. Alimweleza juu ya cherehani kichwani, kola, bastola mbili, na mguu wa Gakiza uliovimba. Sauti yake haikutetemeka, na jambo hilo lilimtisha yeye mwenyewe. Bambo Mphande alilia waziwazi, mtu mzima kwenye baraza la Mchesi, wapita njia wakitazama.

"Nawe ukanichagulia mimi," alisema mzee alipoweza. "Ukanichagulia na hukusema."

"Ningesema nini, Bambo?"

Jambo moja tu hakumwambia, kwamba ofisini alikuwa ametoa habari nyingine. Aliona haya kukiri uongo mbele ya mzee wa kanisa. Alifikiri atamwambia siku nyingine, wakiwa wamezoea zaidi.

Ijumaa ya pili yake, Ambroise alikuwa akifunga vitu arudi Dzaleka kwa mapumziko ya wiki, na mzee akaja anatembea kama kijana. Mkononi alikuwa na karatasi ya klabu yenye duara jeusi lililotobolewa matundu sita.

"Tazama, mawili yameingia katikati," alisema. "Hii ndogo, fundi, kama imezaliwa mkononi mwangu. Na mkono wa kheri haulipwi kwa maneno." Akatoa bahasha. "Nimewaandikia watu wa ofisi yenu. Sikutaka kuituma, nimeipeleka mwenyewe juzi, hii ni nakala."

Barua ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa chapa kurasa mbili. Kiingereza cha Ambroise kilikuwa cha kununulia uzi na vifungo, lakini majina hayana lugha. Aliliona Fizi. Aliona 1998. Alimwona Gakiza, jina lake limeandikwa bila kosa.

"Imesema nini, Bambo?"

"Ukweli. Miezi minane mikononi mwa wale watu, walivyokulazimisha kuwashonea na kuwachagulia silaha. Nikasema hata ujuzi ule wa mateso umeutumia kwa wema, ukanichagulia mimi bastola yangu ya kwanza na kunishonea mfuko. Mtu aliyeteseka hivi hapaswi kusimama foleni, nimewaambia. Wampe nafasi kwanza."

Chini ya ukurasa wa pili ulikuwepo mhuri wa zambarau wa mapokezi, na tarehe.

Ambroise alitafuta hasira moyoni mwake, hakuipata. Angepata hasira, angalau angekuwa na kitu cha kushika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema ufanyeje kama kikulacho kinakupenda. Aliwaza amwambie: Bambo, rudi ukaichukue. Lakini barua iliyopigwa mhuri haichukuliki, na mzee angeuliza kwa nini, na akishajua kwa nini angerudi ofisini kueleza tena, kwa wema uleule, na kuongeza barua ya pili. Uso wa mzee ulikuwa unangoja. Tangu mkewe afariki hakuwahi kuonekana na uso ule.

"Zikomo, Bambo," Ambroise alimshukuru kwa lugha ya mzee mwenyewe. "Zikomo kwambiri."

Alikunja nakala mara nne, akaiweka mfuko wa shati.

Alifika Dzaleka jua lingali juu ya mashamba ya Dowa. Béatrice alikuwa nje ya nyumba, pini mdomoni, Arlène amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, amevaa koti la bluu katika joto lile, jasho likimtiririka shingoni. Koti lilikuwa limekomea juu ya magoti. Béatrice alizitoa pini mdomoni ili acheke.

"Papa Arlène, banatuita," alisema. "Jina yetu iko ku liste. Mardi, asubuhi. Elodie wa kanisa amekuja kuniambia, nikaenda kuona na macho yangu."

"Jumanne hii?"

"Hii hii. Unaona? Nilikuambiaka." Akamsogeza mumewe karibu na ndoo. "Fungua ile upindo ya mwisho. Inabakia kidogo, lakini itafika. Kule baridi haichekee mutu."

Ambroise alipiga goti. Alifikiria Jumanne, meza, karani atakayeweka karatasi mbili kando kwa kando, ya mwaka 2000 na ya juzi, na kuuliza kwa upole ni ipi. Akisema ile ya kwanza, Bambo Mphande atakuwa mwongo, na Gakiza hatakuwa amekufa. Akisema ya pili, basi yeye ndiye mwongo, na mwongo hapandi ndege. Alitafuta njia ya tatu jinsi alivyozoea kutafuta kipande cha kitambaa kinachotosha. Hakikuwepo.

"Mama Arlène," alianza.

"Maliza kwanza. Mutoto iko nasikia joto."

Akachukua wembe. Alikata uzi wa kwanza, wa pili, akavuta, na upindo ukashuka kote kuzunguka magoti ya mtoto. Koti lilikuwa limepauka kwa jua na maji ya miaka miwili, ila sehemu ile iliyokuwa imefichwa ndani ilibaki na bluu yake nzito, kama siku blanketi lilipokatwa. Ilionekana wazi, mkanda mzima, upana wa vidole viwili.

Arlène aliinama kutazama.

"Papa, hii mustari," aliuliza. "Bantu bataiona?"

Ambroise alipitisha kidole gumba juu ya ule mkanda, akiunyoosha.

"Bataiona," alisema, akamwomba Béatrice sindano.