Wariara, Ukurasa wa 63

Jumanne moja ya Oktoba 2007, saa nne asubuhi, Sally alikuwa kwenye kompyuta ya pili katika duka la kuchapa la Bhagwanti, mjini Nakuru, akitengeneza orodha ya yaliyomo ya tasnifu ya Kigen. Orodha hiyo hakuiandika mwenyewe, nukta baada ya nukta, kama wachapaji wengine wa mtaa ule, ambao ukurasa mmoja ukisogea walianza upya. Alikuwa amefundishwa chuoni: kila kichwa unakitambulisha kuwa kichwa, kisha mashine inavikusanya vyote pamoja na kurasa zake. Ukibadilisha kitu unabonyeza F9, na orodha inajirekebisha.

Tasnifu ilihusu magonjwa ya viazi huko Bahati. Sally aliichapa bure, kwa sababu Kigen alikuwa amesema kwamba Krismasi atampeleka kwao, mama yake amwone.

Alibonyeza F9. Chini ya "5.3 Mapendekezo" kukatokea "5.4 Wariara", ukurasa wa 63. Tasnifu ilikuwa na kurasa 58.

Sally alipitia sura ya tano mstari kwa mstari. Ilikuwa viazi tupu.

"Madam, mashine imeongeza kichwa."

Bhagwanti alikuja na kikombe chake cha chai, akavaa miwani. "Mashine haina maneno yake," alisema. "Inaokota tu kile kiko ndani. Ile ripoti ya kanisa la Free Area si ilileta 'Nyumba ya Pili ya Mchungaji', ukurasa wa tisa? Walichukua, wakaenda."

Kigen alifika saa saba. "Niaje, Sally wangu. Project imeisha?"

"Wariara ni nani?"

Alitazama skrini. "Ah, huyo tunasoma na yeye. Anakaa mtaa wa Rhonda."

"Na anafanya nini kwa viazi vyangu?"

"Vyako tangu lini?" Kigen alicheka. "Wewe na wivu! Futa tu."

Sally alifuta. Jumatano Wariara alikuwa amehamia sura ya nne, ukurasa wa 41. Ijumaa alikuwa ukurasa wa 12, na chini yake vichwa vidogo: "Nywele za Wariara", "Wariara Anavyocheka". Sally alivisoma mara nyingi, kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi. Kisha alikwenda chooni, akafunga mlango, akajaribu kucheka mbele ya kioo kwa namna tatu tofauti.

Jumamosi aliandika jina lake mwenyewe kwenye ukurasa wa shukrani. Alilitambulisha kuwa kichwa cha ngazi ya kwanza, akabonyeza F9. Halikuingia kwenye orodha. Alilikoza wino, akaliandika kwa herufi kubwa, akabonyeza tena mara kumi na moja. Mwishowe alimwita Bhagwanti, ambaye aliangalia ukurasa, kisha orodha, kisha ukurasa tena.

"Umefanya sawa," Bhagwanti alisema polepole. "Hatua zote ni sawa." Alimwekea mkono begani kidogo, akarudi kwenye chai yake.

Jumatatu Wariara alikuwa ukurasa wa kwanza. Sally alichapa nakala moja ya kupelekwa kwa msimamizi chuoni. Ilirudi na sahihi, na duara moja la kalamu nyekundu, kwenye jina la dawa ya viazi, ukurasa wa 30. Alirekebisha, akachapa nakala tano, akazijalidi kwa majalada meusi.

Kigen hakuja kuzichukua. Alikuja msichana mwenye mwavuli.

"Sasa. Wewe ndio Sally? Mimi ni Wariara. Kigen amenituma. Anakusifu sana, anasema wewe ni kama dada yake."

Nje mvua ilikuwa inaongezeka. Sally alizifunga nakala katika mfuko wa nailoni, akazitazama, akaongeza wa pili.

"Usiziegemeze kwa kitu," alisema. "Gundi bado haijakauka."

"Asante, dear. Na project yangu nitakuletea Januari."

"Lete," alisema Sally.