Fomu Aliyoijaza Rashidi

Rashidi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na dawa yake haiuzwi famasia yoyote ya Doha: alimwonea Kevin wivu. Si wivu wa kupita, bwana. Wivu wa kuamka nao, wa kunywa nao chai ya maziwa, wa kufungua kompyuta na kulitafuta jina la Kevin kwenye barua pepe kabla ya kulitafuta lake mwenyewe.

Wote wawili walikuwa wachoraji wa nondo. Kampuni moja ya ng'ambo iliwatumia ramani za majengo, nao wakaonyesha kila nondo ipite wapi ndani ya zege, ikunjwe vipi, ifungwe wapi. Hawakuwa waajiriwa. Walikuwa watu wa mkataba, kila mmoja akifanyia kazi nyumbani kwake, Rashidi katika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Kevin kule mji wa Al Wakrah. Na ni Kevin huyo huyo, Mkenya wa Bungoma, aliyemwingiza Rashidi kwenye kazi ile wakati Rashidi akilinda geti la hoteli huku cheti chake cha uchoraji kikiozea begini. Mtu mwingine angeshukuru. Rashidi naye alishukuru, wiki mbili hivi, kisha roho ikaanza kumwuma.

Basi, serikali ya huko iliko kampuni ikabadilisha sheria. Mtu wa mkataba anayefanya kazi kama mwajiriwa, yaani anapangiwa saa na hana ruhusa ya kuleta mtu mwingine mahali pake, atakatwa kodi kama mwajiriwa. Anayejitegemea kweli hakatwi. Mwenye kuamua nani ni nani ni kampuni, na Melissa, msimamizi wao, akawatumia fomu ya maswali kumi na mawili.

Kwa Rashidi makato hayo yalikuwa karibu robo ya malipo, na robo hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa pango. Alikaa Doha miaka sita peke yake, nyumbani akienda likizo tu, kabla ya kumleta mkewe Hidaya na binti yao kutoka Tanga. Walikuwa na miezi minane tu chini ya paa moja. Robo ikiondoka, mke na mtoto wanarudi Tanga.

Hidaya alimshauri ampigie Kevin wajaze pamoja. Thubutu! Rashidi alijifungia chumbani, na ule ugonjwa ukamwongoza mkono. Nani anakupangia saa? Akaandika kwamba ni Melissa mwenyewe, humpigia wakati wowote, hata Ijumaa. Unaweza kumweka mtu mwingine afanye kazi yako? Akaandika kwamba hakuna mwingine awezaye, kazi hii ni ya mkono wake peke yake. Mtu na akili zake timamu anaulizwa kama amefungwa, naye anaringia kamba! Alitaka Melissa akizilinganisha fomu mbili aone nani wa karibu na nani wa mbali.

Jibu likaja Jumatatu. Kevin hakatwi. Rashidi atakatwa kuanzia mwezi ujao, ila anapewa nafasi moja ya kujitetea, kwa simu ya video, Ijumaa baada ya swala.

Hidaya ndiye aliyemwita Kevin. Akaja jioni ile ile na mfuko wa machungwa ya mtoto, akaisoma fomu mpaka mwisho, wala hakucheka. Rashidi angependa acheke, apate pa kuanzia ugomvi. Kevin akasema kuna kitu kimoja kinachotosha kuwatoa kwenye shida hii. Ramadhani iliyopita Rashidi alilala na homa siku tisa, na Kevin ndiye aliyemchorea ngazi ya duara ya maktaba, asitake hata riali moja. Faili zilitoka kwenye kompyuta yake, na tarehe zipo.

"Waambie ni mimi nilichora," akasema. "Mtu mwingine alifanya kazi yako, wao wakaikubali. Hapo umejitoa. Mimi nitasaini, hakuna noma."

Rashidi akakubali. Alimwapia na Hidaya pia.

Ijumaa akakaa sebuleni mbele ya kompyuta. Kevin alikuwa kwenye kiti cha pembeni, nje ya kamera, na Hidaya amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Melissa aliongea kwa upole. Alisema hataki kumpoteza Rashidi, na amempigania kwa wakubwa wake kwa sababu moja: ile ngazi ya maktaba. Mafundi walifunga nondo zake bila kurudisha swali hata moja. Ana miaka kumi na tisa kwenye kazi hii na hajaona mkono kama ule. Ameichapisha akaibandika ofisini. Akaigeuza kamera, na kweli, ile pale ukutani.

Rashidi akaitazama. Nondo za Kevin zimezunguka kwa mpangilio wake, na chini pembeni jina ni Rashidi. Hakuwahi kusifiwa hivyo. Miaka miwili alilitafuta neno hilo kwenye barua za Melissa, leo limekuja kwa sauti, na mwenye kazi amekaa palepale anasikia. Wivu ukampanda mpaka masikio yakawaka moto. Hata sifa hii moja ni ya huyu!

"Kwa hiyo nisaidie nikusaidie," Melissa akasema. "Kuna kazi yoyote, hata moja tu, ambayo mtu mwingine alikufanyia?"

Kevin akajigusa kifua kwa kidole. Hidaya alikuwa ameacha kumbembeleza mtoto.

"Hapana," Rashidi akasema. "Zote nimechora mimi."

Melissa akauliza tena, taratibu, kama anayemwonyesha mlango ulipo. Rashidi akarudia yale yale. Basi akasema anasikitika, uamuzi unabaki ulivyo, akaaga.

Kevin hakukasirika, na hilo lilimwudhi Rashidi kuliko tusi. Rashidi akaanza kusema kwamba ulimi wake uliteleza, kesho atamwandikia Melissa amweleze vizuri. Alijua hataandika. Hidaya naye alijua, maana ameishi na moyo ule miaka kumi, karibu na mbali.

Akamshusha mtoto, akakaa kwenye kochi bila kumtazama mumewe.

"Shemeji Kevin," akauliza, "ndege ya Dar inaondoka siku gani?"