Mabenchi ya Fundi

Benchi la kwanza lilifika saa tatu kasoro robo asubuhi, Fundi akiwa kibarazani anamenya viazi. Lilipita langoni kwa ubavu, maana lango ni jembamba, likapanda ngazi na kusimama ukutani. Fundi alilitambua kwa mguu wake wa nyuma, ule aliougongea kabari mwaka wa mvua kubwa. Alisogeza beseni, akalikalia, akaendelea kumenya.

Kufikia saa nne yalishafika yote kumi na mawili. Shemeji yake, mjane wa kaka yake na mshonaji wa nyumba ya pili, alichungulia juu ya ua.

"Shemeji, una msiba?"

"Sina. Ni mabenchi ya ukumbini."

"Yamekuja yenyewe?"

"Yenyewe."

"Basi lile fupi niwekee mimi. Mengine yananiacha naning'inia." Akarudi kwenye cherehani yake.

Mabenchi hayo Fundi aliyaunda ujanani, na hakuyaunda kwa futi. Aliwakalisha wanakijiji wote juu ya ubao mmoja, akachora goti la kila mtu kwa mkaa, ndipo akakata miguu ya mabenchi. Yeye mwenyewe alikaa mwisho wa benchi la mbele, upande wa kushoto, miaka arobaini. Na kwa miaka sita ya mwisho, mkutano ulipofika kwenye mengineyo, alisimama na kuuliza pampu ya kisima itatengenezwa lini.

Kamati ya kijiji ilichoka naye. Kumfukuza mtu kwa kuulizia maji ni aibu, kwa hiyo wakaleta maendeleo. Rimu ya lori iliyokuwa ikigongwa kuita watu iliondolewa mtini, na matangazo yakahamia kwenye simu. Fundi hana simu. Shemeji yake hana. Wenzao wote wa umri ule hawana. Mwisho wa mwaka Katibu aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba wazee wa kijiji hawana mwamko.

Katibu huyo ni mpwa wa Fundi, aliyelelewa nyumba hiyo hiyo na kushibia viazi vya sufuria hiyo hiyo. Asubuhi ile ya mabenchi alifika saa tano akihema, na wanaume wanne nyuma yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Leo kuna mkutano?"

"Ujumbe tulituma."

"Kwa nani?"

Katibu aliyatazama mabenchi. "Mjomba, yaambie yarudi."

"Sikuyaita. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Nije nayo?"

"Leo ni wajumbe tu, mjomba. Wewe pumzika."

Pumzika! Neno hilo lilimuuma Fundi kuliko tusi. Wanaume walibeba mabenchi hadi ukumbini, na mkutano uliofuata yakarudi tena. Kamati ikayafunga minyororo sakafuni. Yakaja na minyororo na vipande vya saruji. Fundi aliifungua, akaipaka mafuta isishike kutu, akaitundika msumarini.

Ndipo ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa anakuja kuzungumzia namna ya kuwashirikisha wazee. Kamati ilikaa, ikatafakari, ikatoa uamuzi wa busara: kwa kuwa mabenchi yako kwa Fundi, mkutano ufanyike uani kwa Fundi.

Siku hiyo Fundi alioga mapema, akavaa koti lake la kahawia. Moyo ulimdunda kama wa bwana harusi. Alikaa mahali pake, mwisho wa benchi la mbele, upande wa kushoto, swali lake tayari mdomoni. Katibu akamjia akinyata.

"Mjomba, hapo pamepangiwa wageni."

"Hapa ni kwangu, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba ukae ndani. Ratiba imejaa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Huyu mwenyeji aliingia ndani. Bango jekundu lenye maneno WAZEE NI HAZINA lilifungwa juu ya dirisha lake, na chumba kikawa giza.

Mwenyekiti alipoanza kumkaribisha mgeni, benchi la mbele liliinuka. Waliolikalia walishuka kwa adabu, likapita mlangoni kwa ubavu na kusimama kando ya kitanda cha Fundi. La pili likafuata, kisha mengine yote. Hotuba haikukatizwa. Mgeni alizungumza saa nzima, akauliza mara moja tu wazee wako wapi, akajibiwa wamepumzika, akafurahi kusikia wanapata mapumziko. Katibu aliandika kwenye muhtasari kwamba wajumbe walisimama muda wote kwa heshima ya wazee.

Shemeji aliingia kwa mlango wa nyuma, ndoo ya maji ya mtoni kichwani. Aliitua, akalitafuta benchi lake fupi kwa kupapasa, akakaa. Miguu yake ilifika chini sawasawa.

"Wamefika wapi?" aliuliza.

"Mengineyo," alisema Fundi.

Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akauliza kwa sauti kubwa pampu ya kisima itatengenezwa lini. Bango lilitikisika kwa pumzi yake. Katibu, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka dirishani, alilamba kidole, akafungua ukurasa mpya, akaandika: Mengineyo, hakuna.