Kinywa cha Idris

Idris alizaliwa na uzito wa gramu elfu moja na hamsini. Siku ya pili bibi yake, Bi Mwanaesha, aliingia wadi ya vichanga pale Voi na tende moja, kaifunga penye pindo la leso.

Firdaus, mamake mtoto, alipoiona tu moyo ulimruka. Katika ukoo wa mumewe hakuna mtoto ambaye Bi Mwanaesha hakumtafunia tende akampaka kaakaani, kuanzia Badawy, mume wa Firdaus, hadi watoto wa mawifi. Lakini asubuhi hiyo hiyo Sista Wakesho, muuguzi wa wadi, alikuwa amemweleza kwamba vinywani na mikononi mwetu sote mna fangasi wasiotudhuru. Mtoto mdogo kiasi hiki, mwenye ngozi nyembamba kama ya kitunguu, wakimwingia damuni wanaweza kumuua. Ndiyo maana Idris alitiwa kinywani matone ya dawa ya kuwazuia.

"Nipishe, mwanangu," Bi Mwanaesha alisema, tayari anatafuna.

Miaka miwili ya ndoa, Firdaus hakuwahi kumpinga mama mkwe wake hata kwa chumvi ya mchuzi. Alisimama mbele ya inkubeta, kisanduku chenye joto alimolazwa Idris.

"Mama, niwie radhi. Usimtie."

"Wanikataza mimi?"

"Nakuomba, mama."

Bi Mwanaesha akamgeukia Sista Wakesho. "Nyinyi mwamtia madawa kutwa kucha. Tende yangu ndiyo imekuwa sumu?"

"Si tende, bibi, ni mate. Hata mimi nikimbusu naweza kumdhuru."

"Na wewe nani kakwambia umbusu?"

Sista akacheka hadi akajiziba mdomo. Bi Mwanaesha akajikaza, akashindwa, akatabasamu. Akaimeza tende.

"Basi mimi nimfanyie nini mjukuu wangu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nawa, mama, umshike," Firdaus akamwambia.

Bi Mwanaesha alivua pete na bangili, akanawa akinung'unika kwamba anayetawadha mara tano kwa siku hafundishwi kunawa. Sista alimrudisha kwenye sinki mara mbili, kwa sabuni. Mwishowe akapenyeza mkono kwenye tundu la inkubeta, akakishika kiguu cha Idris kwa vidole viwili, na dua ikamtoka polepole.

"Hii nayo ina fangasi?"

"Haina, bibi. Endelea."

Wiki ya saba daktari alikifungua kinywa cha Idris akakuta ulimi mwekundu, safi, hauna utando mweupe wa fangasi. Akawaruhusu kwenda nyumbani. Firdaus alikwenda kumshukuru Sista Wakesho. Alimshika mkono, asiuachie.

Nje, Bi Mwanaesha alimlaza mtoto kifuani mwa Firdaus, akamfunga leso vizuri.

"Mimi hata marehemu mume wangu hakuthubutu kunikataza," alisema. "Alhamdulillahi, mtoto ana mama."

Firdaus aliangalia chini, akafuta machozi kwa pindo la leso.