Mwaka Ambao Kipsonoi Stars Hawakuuandika

Weldon aliingia ofisi ya timu pale kiwandani Jumatatu asubuhi na kuweka karatasi mbele ya Chepchirchir. Ilikuwa ratiba ya sherehe ya Jumamosi. Ukumbi mpya wa Kipsonoi Stars ungefunguliwa saa nne. Askofu angeomba, wachezaji wangetia saini mikataba yao ya kwanza ya kulipwa mshahara, kisha palikuwa pameandikwa: Historia ya timu, dakika kumi, Chepchirchir.

"Wewe ndio uko na hii timu yote kwa kichwa, mama," Weldon akasema. "Mimi nilikuja juzi tu."

Ilikuwa kweli. Weldon alikuwa meneja wa mwaka wa tatu, na Chepchirchir alikuwa ameketi kwenye meza ya alama tangu akiwa msichana wa miaka kumi na tisa.

Weldon alipofika mlangoni akageuka. "Halafu nimepata namba ya Captain Omosa. Yuko Keroka. Amesema atakuja na mama watoto. Yeye ndiye atakata utepe."

Chepchirchir akasema ni vizuri. Weldon alipotoka, Chepchirchir aliona vidole vyake vimeikunja ile karatasi mpaka ikapasuka pembeni.

Alianza kuandika siku hiyo hiyo, na sehemu ya mwanzo haikumpa shida. Mwaka 1991, Johana, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, alichomelea ringi mbili za mpira wa kikapu kwa vyuma vya troli mbovu akazisimamisha nyuma ya stoo ya kuni. Uwanja ulikuwa wa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe. Ukianguka, unaamka bila ngozi ya goti. Walicheza wachuma majani, madereva, makarani. Wengine walikuwa Wakipsigis wa hapo hapo, wengine walikuwa wametoka Nyamira na Kisii kutafuta kazi, na Johana hakujali alimradi mtu aweze kuruka.

Omosa alikuja mwaka 1999 kutoka upande wa Kisii, kama karani wa kupima majani. Alikuwa mrefu, mpole, na alipokuwa na mpira hakuna aliyemharakisha. Miaka mitatu baadaye akawa kepteni. Mwisho wa mwaka 2007, katika mechi ya mwisho ya msimu, waliifunga timu ya Nairobi sitini na moja kwa sitini wakapanda ligi kuu. Chepchirchir ndiye aliyeandika ile alama ya mwisho, na wakambeba juu pamoja na kitabu chake. Kiwanda kikawanunulia basi la kijani.

Hapo kalamu ikakwama. Aliandika: "Mwaka 2008 timu haikucheza kwa sababu ya hali ya nchi." Akaikata sentensi hiyo. Akaiandika tena. Jumanne akaikata tena.

Ilikuwa alasiri, Januari ya mwaka huo, siku zile za ghasia za baada ya uchaguzi. Simu ya ofisi ililia, naye akaipokea. Alikuwa Omosa, anahema.

"Dada, wanakuja. Nyumba za chini zote zinawaka. Niko na Bilhah na mtoto. Tutumie basi litufikishe polisi pale Sotik, basi. Hapo tu."

Ufunguo ulikuwa kwenye droo, karibu na goti lake. Kipkirui, dereva, alikuwa ameketi ndani ya basi nje ya dirisha, anasikiliza redio. Lakini asubuhi hiyo vijana walikuwa wamesimama langoni wakasema atakayebeba watu wa Kisii atachomwa pamoja nao. Baadhi yao Chepchirchir aliwajua kwa majina, na wao walijua nyumba ya mama yake.

"Kipkirui hayuko," alisema. "Ameenda na ufunguo."

Omosa akasema, "Sawa, dada. Asante."

Baada ya wiki mbili zikaja habari kwamba wamefika kwao Keroka salama. Wachezaji wote waliotoka Nyamira na Kisii walikuwa wameondoka, na hakuna aliyerudi. Stars ikafa. Ringi za Johana zikaota kutu miaka tisa, hadi kiwanda kilipoifufua timu. Chepchirchir hakuwahi kumwambia mtu yeyote kuhusu ile simu, hata mumewe.

Jumatano alienda kupimwa presha. Muuguzi akamwuliza kama kuna jambo linalomsumbua. Alhamisi alimfuata Weldon uwanjani, wachezaji wakiwa mazoezini.

"Ya 2008 niandike nini?"

"Andika ulikuwa mwaka mgumu." Weldon hakuondoa macho uwanjani. "Mama, wadhamini watakuwa pale mbele. Usitufufulie mambo."

"Na Omosa?"

"Omosa anakuja kukata utepe. Amesahau hayo."

Chepchirchir alimtazama kijana huyu ambaye mwaka 2008 alikuwa darasa la nne huko Silibwet. Alitembea hadi kwenye gari lake akakaa ndani bila kuliwasha. Kusoma mbele ya watu kwamba ulikuwa mwaka mgumu, Omosa akiwa kiti cha mbele, hakuweza. Kusoma ukweli, naye ausikie mara ya kwanza katikati ya wageni, hilo pia hakuweza.

Ijumaa asubuhi aliendesha hadi Keroka. Mara mbili alisimama kando ya barabara, kisha akaendelea.

Omosa alimtambua kabla hajafunga mlango wa gari. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, lakini mwendo ulikuwa ule ule. Alicheka kwa sauti akamshika mikono yote miwili.

"Bilhah! Njoo uone nani amekuja! Si tungeonana kesho, dada?"

Waliketi sebuleni. Bilhah alileta chai na ndizi za kuchemsha, akaketi karibu na mlango bila kusema mengi. Omosa aliuliza habari za kila mtu. Kisha akasema jambo ambalo Chepchirchir hakulitarajia.

"Unajua watu wa huku wakisema watu wa Sotik wote walitutupa, mimi huwa nakataa. Nawaambia kulikuwa na dada mmoja ofisini, kama dereva angekuwepo, huyo angetutumia basi."

Chepchirchir aliweka kikombe chini.

"Dereva alikuwepo," akasema.

Omosa aliendelea kutabasamu, kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Kipkirui alikuwa nje, ndani ya basi. Ufunguo ulikuwa kwa droo yangu. Niliogopa, Captain. Nilikudanganya. Nimekuja nikuambie kabla ya kesho."

Nje kuku alikuwa akilia. Tabasamu la Omosa liliondoka polepole.

"Mimi nilijua," Bilhah akasema kutoka mlangoni.

Wote wawili wakamgeukia.

"Tulipopita nyuma ya kiwanda, wewe ulikuwa mbele umebeba Lenah. Mimi nilitazama kupitia uzio. Niliona basi, na Kipkirui ndani."

"Miaka yote hii?" Omosa akamwuliza mkewe. "Nikisema yale maneno, uko hapo unanisikiliza?"

"Ningekuambia siku ile ungerudi kumwomba. Ungerudi, wangekuua. Baadaye nikaona umepata mtu mmoja wa kumshukuru kule. Sikutaka kukunyang'anya."

Omosa alisimama akatoka. Walimwona dirishani akizunguka uani, mikono kichwani. Chepchirchir alianza kulia, akisema samahani, samahani. Bilhah alimwacha alie bila kumgusa.

"Sikunyamaza kwa ajili yako," akasema hatimaye. "Tulilala shambani, ndani ya majani ya chai, siku mbili. Mtoto nilikuwa nimemfunga mdomo na leso asilie. Hiyo ndiyo uandike, kama unaandika."

Omosa aliporudi hakuketi. "Kesho sijui kama nitakuja," alisema. "Sasa nenda nyumbani."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mbele palikuwa na viti viwili vyenye majina, vitupu. Askofu aliomba, wachezaji kumi na wawili wakatia saini, wazazi wao wakapiga vigelegele. Kila mlango ulipofunguliwa Chepchirchir aligeuka kutazama. Weldon alimnong'oneza, "Wako wapi?" naye Chepchirchir akatikisa kichwa tu. Kisha jina lake likaitwa.

Alisoma habari za Johana na watu wakacheka. Alisoma sitini na moja kwa sitini na wakapiga makofi. Hapo ndipo alipowaona Omosa na Bilhah wamesimama mlangoni, hawaingii ndani. Akaiweka karatasi juu ya meza na kuishikilia kwa viganja.

"Januari 2008, kepteni wetu aliomba basi la timu limtoe hapa na familia yake. Basi lilikuwepo. Dereva alikuwepo. Mimi nilikuwa na ufunguo na nikasema haupo. Walilala kwa majani ya chai siku mbili na mtoto mdogo. Timu hii haikufa kwa sababu ya hali ya nchi. Ilikufa kwa sababu wenzetu walifukuzwa na sisi tuliobaki tulinyamaza."

"Wachana na hiyo!" mtu akapaza sauti nyuma. Wengine wawili walisimama wakatoka. Weldon alikuwa akitazama viatu vyake. Chepchirchir alisoma hadi mwisho, akaketi, na hakuna aliyepiga makofi.

Omosa alipita katikati ya viti, watu wakimpisha. Alifika mezani. Hakumsalimia.

"Umesahau majina," akasema. "Tuliofukuzwa tulikuwa tisa."

Chepchirchir alichukua kalamu. Omosa aliyataja polepole, kama anayeita wachezaji uwanjani: Makori, Gekara, Nyabuto, na wengine, akimsahihisha herufi alipokosea. Wawili kati yao, alisema, walikuwa wameshafariki. Ukumbi mzima ulingoja. Alipomaliza alichukua mkasi akakata utepe uliokuwa mbele ya meza, kwa sababu aliahidi, kisha akaondoka na mkewe kabla ya chakula.

Kwa wiki mbili Weldon hakuzungumza na Chepchirchir zaidi ya mambo ya kazi. Mdhamini mmoja alijitoa. Halafu siku moja mchoraji alikuja na ngazi kuandika kwenye ukuta wa ukumbi, na Weldon mwenyewe akamshikia karatasi yenye majina tisa, chini yake mstari mmoja: Walifukuzwa Januari 2008.

Omosa huja kutazama baadhi ya mechi. Huketi na Bilhah upande ule mwingine wa uwanja, mbali na meza ya alama. Akimwona Chepchirchir huinamisha kichwa kidogo, na yeye humrudishia. Hawajawahi kuzungumza tena. Kila siku ya mechi, kabla refa hajarusha mpira, Chepchirchir hutazama ng'ambo ile kwanza kuona kama wamefika, kisha hufungua kitabu chake, wawepo wasiwepo.